Siku Ngiri Walipomfukuza Kocha Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia huku anatafuna? Meza kwanza. Hadithi ya leo haisikilizwi na mdomo uliojaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Watoto kaeni mbele, watu wazima kaeni nyuma yao, na asiniulize mtu katikati kama itaishia vizuri. Haiishii vizuri. Nimewaambia mapema ili asije mtu akanilaumu.

Hapo zamani za kale, zamani wanyama walipokuwa na viwanja vyao na misimu yao, ngiri wa bonde la Luwela walikuwa na timu. Timu ya wachezaji tisa. Pembe zimechongoka, mikia imesimama, vifua mbele. Ng'ambo ya mto walikaa nguruwe wa msituni, nao walikuwa na timu yao. Kila kiangazi timu hizi mbili zilicheza mchezo wa tunguja, lile tunda dogo la mviringo.

Mchezo ulikuwa hivi. Mmoja anarusha tunguja kwa pua, fyuu! Wa timu ya pili anaipiga kwa pembe, pa! Akishapiga anakimbia. Anazunguka kichuguu cha kwanza, anazunguka cha pili, anazunguka cha tatu, anarudi nyumbani alikoanzia. Akifika kabla tunguja haijarudishwa, ni bao. Ikimtangulia, ametoka.

Msisikie mchezo mkadhani ni mchezo. Msimu ulianza majani yakikauka, ukaisha mvua ya kwanza ikidondoka. Mechi ishirini. Timu iliyoshinda nyingi ndiyo iliyochimba maji kwenye mchanga wa mto mwaka mzima uliofuata. Iliyoshindwa ilikwenda kunywa kwenye dimbwi la mbali, mwendo wa nusu siku chini ya jua, na kila mara vitoto kadhaa havikufika. Kwa hiyo tunguja ile ilipokuwa hewani, akina mama waliacha kupumua.

Kocha wa ngiri alikuwa Mhanga. Mnamjua mhanga? Masikio marefu kama ya punda, pua ndefu, kucha za kuchimbia. Si mzuri wa sura, na mwenyewe alijua. Lakini mashimo yote waliyolala ngiri aliyachimba yeye. Na alikuwa kocha kwa miaka sita, na katika miaka sita ngiri walikunywa maji ya mto mara nne. Mara nne kati ya sita! Mwambie mtu kuhusu hizo nne siku timu inapofungwa, uone kama atakusikiliza.

Mwaka huo timu ilifungwa. Mechi ya kwanza, wakafungwa. Ya pili, wakafungwa. Ya tatu wakashinda kidogo, ya nne wakafungwa, ya tano wakafungwa. Kufika mechi ya kumi walikuwa wamefungwa nane.

Na Mhanga alikuwa anafanya nini? Sikilizeni, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka huo Mhanga aliyagawa mazoezi nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza, kurusha na kupiga na kukimbia. Nusu ya pili, tunguja chini. Anapiga mluzi, fiii! Wachezaji wote wanakimbilia mashimoni, na kila mmoja akifika mlangoni anageuka, anaingia kinyumenyume. Matako kwanza, uso mwisho. Anabaki anatazama nje, pembe zimeziba mlango. Kisha fiii! Tokeni. Fiii! Ingieni. Na Mhanga anaimba:

"Geuka, geuka, matako ndani!
Geuka, geuka, pembe mlangoni!"

Cheka, cheka wewe mtoto. Hata vitoto vya ngiri vilicheka. Nguruwe wa ng'ambo walikuja ukingoni kutazama, wakagaragara kwa kicheko. "Hao wanajifunza kurudi nyuma! Ndiyo maana wanafungwa!"

Ngiri wa kale waliingia hivyo siku zote, ndiyo. Lakini mabonde yalikuwa salama miaka mingi, na vijana wakaona kugeuka ni kupoteza muda. Wakawa wanajitupa ndani kichwa mbele, pu! wanalala.

Na Mhanga akaongeza jambo. Akasema, "Asiyejua kuingia kinyumenyume, hachezi." Akamweka nje Kishungi.

Kishungi! Kijana mwenye mbio kuliko wote. Akipiga tunguja, unasikia pa! halafu vumbi puruu! halafu yuko nyumbani. Lakini kugeuka mlangoni kulimshinda. Alifika kwa kasi mno. Aligonga ukingo, akajichubua, akajitupa kichwa mbele. Mhanga akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Mechi tatu Kishungi alikaa nje, na zote tatu ngiri walifungwa.

Kishungi alikuwa mjukuu wa pekee wa Bibi Ngiri. Na Bibi Ngiri ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bonde lote. Sasa mnaona mambo yalivyosokotana.

Tena kuna jambo jingine, ninalisema polepole. Ngiri wa Luwela walikuwa na mwiko. Msimu wa mchezo, hakuna kumtaja simba. Hata kwa mzaha. Walisema ukimtaja unamwita, na mchezaji akisikia jina hilo miguu inakuwa mizito. Aliyeutunza mwiko huo ni Bibi Ngiri, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuufungua. Akikuambia "nimekufungua mdomo," unasema. Asipokuambia, unanyamaza mpaka mvua.

Baada ya mechi ya kumi, mkutano uliitishwa uwanjani, asubuhi, jua likianza kuuma.

Baba mmoja akasimama. "Bibi, tumechoka. Mwaka jana nilizika watoto wawili njiani kwenda dimbwini. Sitaki kuzika mwingine. Huyu kocha aondoke."

Mwingine akasimama. "Msimu uko katikati. Ukimwondoa kocha katikati, wachezaji watashika la nani? Tungoje mvua, tumwondoe kwa utaratibu."

"Tukingoja mvua tutakuwa tumeshashindwa!"

"Ametupa maji miaka minne!"

"Maji ya zamani yanakata kiu ya leo?"

Kelele. Vumbi. Nani kasema nini, hujui. Kishungi akasimama, na uwanja ukanyamaza, maana walimpenda.

"Mimi sina neno baya na Kocha," alisema. "Namheshimu. Lakini naumia. Naumia kukaa nje natazama wenzangu wakifungwa kwa sababu ya mlango wa shimo. Mlango! Mechi inachezwa uwanjani au shimoni?"

Wakapiga kwato chini, du du du! Walimpigia hasa.

Bibi Ngiri akamgeukia Mhanga. "Kocha, umesikia. Jibu. Kwa nini unawafundisha wanangu kurudi nyuma wakati wenzao wanakwenda mbele?"

Mhanga akasogea mbele. Masikio yake yalikuwa yamelala. Kisha akasema, "Bibi, nifungue mdomo."

Uwanja ukapoa ghafla. Wote walijua maana yake. Wengine wakatazama majani marefu ya upande wa machweo, wakageuza macho haraka.

Bibi Ngiri naye alijua. Ninyi msidhani hakujua! Alikuwa mzee, alikuwa ameona mengi. Lakini alifikiri hivi: nikimfungua mdomo mbele ya vijana, wataogopa. Wakiogopa, hatushindi tena hata mechi moja. Na watu watasema Bibi ameruhusu mkosi uingie msimu. Akafikiri tena: labda anatafuta kisingizio tu, huyu, amefungwa nane. Kisingizio kizuri kuliko hicho kipo?

"Sikufungui," alisema. "Jibu bila hilo."

"Bila hilo sina jibu, Bibi."

"Jaribu."

"Nimeona kitu kwenye mchanga ninapochimba. Si mara moja tu. Nimeona siku nyingi. Zaidi ya hapo nifungue mdomo."

"Nimesema sikufungui."

Mhanga akanyamaza. Na mimi msimulizi hapa huwa namkasirikia. Alikuwa na mdomo! Alikuwa na pumzi! Lakini alikuwa mgeni aliyepokelewa na ngiri, akala kiapo cha mwiko wao, na yeye alikuwa mnyama wa kutimiza kiapo. Akanyamaza kwa heshima. Heshima ile iligharimu watu.

Ngiri hupiga kura kwa mkia. Anayetaka kocha aondoke anasimamisha mkia. Anayetaka abaki anauacha umelala. Mikia ikasimama, mmoja, mwingine, mwingine. Mikia ikalala, mmoja, mwingine. Ikahesabiwa. Sawa kwa sawa! Uliobaki ni mkia wa Bibi.

Bibi Ngiri akamtazama Mhanga. Akamtazama mjukuu wake, magoti yamechubuka kwa kugonga mlango wa shimo. Akausimamisha mkia.

"Nenda salama, Kocha," alisema. "Hatuna ugomvi."

"Na ninyi mbaki salama, Bibi," Mhanga akajibu. Akapita katikati yao. Alipofika kwa Kishungi akasimama. "Kijana, ulikuwa karibu kuweza. Punguza mbio hatua tatu kabla ya mlango, utageuka. Hatua tatu tu." Kishungi akaitika kwa adabu, "Ndiyo, Kocha," lakini alikuwa anatazama uwanja. Mhanga akaenda, kacha, kacha, kacha, mpaka kilima cha mbali.

Siku ya pili akaletwa Mbuni.

Lo! Mbuni! Shingo ndefu, miguu kama milingoti, sauti ya kugonga kifua. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, baba." "Bibi, sina maneno mengi. Mimi najua jambo moja, mbio. Nipe vijana wako." Hakuwa mwongo, Mbuni. Hakudanganya mtu. Alisema anajua jambo moja, na kweli alijua hilo moja.

Akafuta nusu ya pili ya mazoezi siku ileile. "Mkifika shimoni, ingieni vyovyote mpate kupumzika. Nguvu zenu nazitaka uwanjani." Akaimba wimbo wake:

"Mbele, mbele, usigeuke!
Mbele, mbele, vumbi liinuke!"

Mechi ya kumi na moja, Kishungi akarudi ndani. Fyuu! Pa! Puruu! Bao. Fyuu! Pa! Puruu! Bao. Ngiri wakashinda. Ya kumi na mbili, wakashinda. Ya kumi na tatu, wakashinda. Ya kumi na nne, wakashinda, na nguruwe wa ng'ambo hawakucheka tena.

Bonde likaimba. Yule baba aliyezika watoto wawili alilia kwa furaha mbele za watu. Wale waliosema kocha asiondolewe katikati ya msimu walitaniwa mpaka wakaona haya kutoka. Bibi Ngiri alikuwa akimtazama mjukuu wake akizunguka vichuguu, na moyo wake ulikuwa mweupe. Nawaambia ukweli, zilikuwa siku nzuri. Nani asingependa? Hata mimi ningeimba.

Wiki nne zikapita hivyo. Wiki nne za kwenda mbele tu. Mwili hujifunza upesi kinachopendeza.

Ikaja mechi ya kumi na tano. Alasiri, jua kali, uwanja umejaa. Vitoto juu ya vichuguu, akina mama ukingoni. Bibi Ngiri alikaa karibu na shimo lake, kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Kishungi akasimama kupiga. Fyuu! tunguja ikaja. Pa! ikaruka juu, juu, juu mpaka ikapotea kwenye jua. Uwanja mzima ukainua uso.

Wote wanatazama juu. Majani marefu ya upande wa machweo yakafunguka, chwa.

Sasa simtaji kwa kunong'ona. Simba. Simba watatu, dume na majike wawili, mbavu zinahesabika kwa njaa.

"Mashimoni!" Nani alipiga kelele? Hakuna anayejua. Nguruwe wa ng'ambo wakaingia kichakani, kwisha. Mbuni akakimbia. Alikimbia vizuri mno, alikuwa vumbi kwenye ukingo wa dunia kabla hujapepesa. Ngiri wakakimbilia mashimo ya Mhanga. Walikuwa na mbio, wote. Walifika! Sikilizeni, walifika. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa njiani.

Wachezaji wakongwe, walipofika mlangoni, miguu yao ilikumbuka mambo ya zamani. Wakageuka. Matako ndani, pembe mlangoni. Simba mmoja akatia pua kwenye shimo mojawapo, akapasuliwa, akaruka nyuma anaguna.

Vijana hawakugeuka. Walikwenda mbele kama walivyofundishwa, pu! kichwa ndani, pu! kichwa ndani. Na shimo la ngiri si refu. Miguu ya nyuma ikabaki nje.

Bibi Ngiri aliingia kinyumenyume kwa sababu alikuwa mzee na hakujua kuingia kwingine. Kwa hiyo alikuwa anatazama nje. Shimo la mjukuu wake lilikuwa mbele yake, hatua kumi. Alimwona Kishungi anakuja, mbio zile walizozipenda wote. Akamwona anafika mlangoni. Akapiga kelele, "Geuka! Geuka, baba! Geuka!"

Kishungi alisikia. Nina hakika alisikia, kwa sababu alipunguza. Hatua moja akapunguza, hatua ya pili akapunguza. Alikuwa ameanza kugeuza bega. Halafu akaogopa, akajitupa kichwa mbele.

Sitasimulia kilichofuata. Watoto wako hapa. Nitasema tu kwamba Bibi Ngiri aliona chote, toka mwanzo mpaka mwisho, na hakuweza kufumba macho.

Simba watatu walichukua vijana watatu. Wakaenda nao kwenye majani marefu, wakakaa huko, na alasiri ile bonde la Luwela lilikuwa kimya.

Kesho yake Bibi Ngiri alikwenda kilimani kwa Mhanga. Alikwenda peke yake, kwa miguu yake ile mibovu, akafika mchana. Alimkuta amekaa karibu na shimo jipya. Habari ilikuwa imemtangulia, tai waliona kila kitu. Mhanga alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi. Pole, Bibi."

Hakuitikia. Alisema, "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu majani yalipoanza kukauka. Niliona nyayo kwenye mchanga. Kila wiki zilisogea."

"Ukanyamaza!"

"Nilikuomba unifungue mdomo, Bibi."

"Ungesema tu!" Bibi alipiga kwato chini, vumbi likaruka. "Ungevunja mwiko! Ningekufukuza, ndiyo, ningekutukana mbele ya watu wote, lakini mtoto angesikia! Mtoto angejua kwa nini anageuka!"

Mhanga aliinamisha kichwa. "Hilo ndilo ninalojiambia tangu jana, Bibi. Usidhani silisemi."

Wakakaa. Bibi Ngiri alilia, na mhanga hajui kumshika mtu anayelia, kucha zake ni ndefu. Akakaa tu karibu.

Kisha Bibi akasema, "Msimu umekwisha. Hatuna wachezaji tisa. Nguruwe wamechukua mto."

"Nimesikia."

"Wamebaki vijana wengine. Na vitoto. Tutakwenda dimbwini mwaka mzima, na hao simba watakuwa njiani." Alivuta pumzi. "Nakufungua mdomo, Mhanga. Leo nakufungua. Sema."

Mhanga akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Akamtazama yule bibi, vumbi usoni, machozi yamechora njia kwenye vumbi.

"Nilikuwa na maneno ya kumwambia Kishungi," alisema. "Ndiyo hayo tu niliyokuwa nayo, na wa kuyasikia hayupo."

Sasa ninyi mtaniuliza, je, walikosea kumfukuza kocha katikati ya msimu? Watu wazima huko nyuma naona mmeanza kubishana. Bishaneni. Mimi nasema hivi. Timu ikifungwa, mna haki ya kuuliza, na mna haki hata ya kumwondoa mtu. Lakini usimwondoe mtu kabla hujamruhusu kusema anachokijua. Ukimziba mdomo halafu ukamhukumu kwa kunyamaza, umejihukumu mwenyewe na watoto wako. Na wewe unayeongoza, ukiona hatari inakuja, sema. Waache wakufukuze, lakini wawe wameshasikia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Inukeni taratibu, kila mtu amshike mtoto wake mkono.